Kadi ya Pikipiki Ikipotea



Wako wanachama wanaouliza kwa nini chama kinaingia katika mambo ya kadi za pikipiki, hali kazi yake ni mishahara na usalama kazini. Nasi tunawauliza: hiyo pikipiki imetoka wapi kama si katika mshahara? Mkata miwa au mchuma chai hapa Uganda anayenunua pikipiki ametia humo jasho la miaka, na mara nyingi deni la SACCO bado liko juu yake. Asubuhi anakwenda nayo kazini, kisha mdogo wake anaibebea abiria na kumletea kitu kila Jumamosi. Ada ya shule inatoka hapo. Kadi peke yake ndiyo inayosema mali hiyo ni ya nani. Siku inapopotea, askari akisimamisha pikipiki barabarani huna neno la kumwambia, na ukitaka kuiuza hakuna mtu mwenye akili atakayeinunua.

Kadi iliyopotea inapata nyingine. Kwanza unakwenda polisi kutoa taarifa, nao wanakupa barua. Uende na namba ya pikipiki, namba ya chesisi na namba ya injini, maana bila hizo utarudishwa. Halafu unaapa kwa maandishi mbele ya kamishna wa viapo kwamba kadi imepotea kweli, haikuuzwa wala kuwekwa rehani. Ofisi nyingine huomba pia tangazo gazetini. Karatasi hizo, pamoja na kitambulisho cha taifa na namba yako ya mlipa kodi, ndizo za kuombea kadi ya pili. Zamani uandikishaji ulikuwa kazi ya Mamlaka ya Mapato, URA. Siku hizi uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na wengi bado wanapoteza nauli kwenda mlango usio wake. Malipo ya serikali hupitia benki au simu kwa namba ya malipo unayopewa. Hayapokelewi mkononi na kijana aliyesimama nje ya geti. Tumeziona kadi za vijana hao. Zimepigwa chapa safi kuliko za serikali, lakini daftarini hazimo.

Njia hiyo inachosha, lakini inapitika kwa mtu ambaye jina lake limo katika daftari. Ndugu zetu wengi jina lao halimo, na hapo ndipo tunapotaka msikilize.

Pikipiki inanunuliwa mkono wa pili au wa tatu. Mnaandikiana karatasi mbele ya mwenyekiti wa LC, shahidi anatia sahihi, pesa zinahesabiwa, kadi inatolewa, watu wanakunywa soda na kuagana. Kadi ina jina la muuzaji wa kwanza, na mnunuzi anaona si kitu kwa kuwa kadi iko mfukoni mwake. Anasema atabadilisha jina akipata nafasi. Nafasi haiji. Mwanachama wetu mmoja, mkata miwa kule Busoga, alinunua pikipiki kwao Arua akaja nayo kazini. Mvua ilimnyeshea njiani, kadi ikaloa mfukoni hadi ikawa uji. Polisi walimpa barua, lakini ofisini akaambiwa aje na mwenye jina. Mwenye jina alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Sudan Kusini kutafuta maisha, na simu yake haipatikani. Pikipiki ile iko nyumbani kwa mwenzetu huyo, imefunikwa gunia, na deni la SACCO linakatwa kila mwezi kama kawaida.

Karatasi ya LC inaonyesha kwamba mliuziana. Haigeuzi jina katika daftari la serikali. Basi jina libadilishwe wakati muuzaji yupo karibu na anataka pesa zake. Mnunuzi abakize sehemu ya bei mpaka siku ya kubadilisha, na hilo liandikwe katika karatasi hiyo hiyo ya LC. Muuzaji akilikataa, jiulizeni kwa nini.

Liko jambo la pili ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Kadi nyingine tunazoambiwa zimepotea hazikupotea. Ziko katika droo ya mkopeshaji. Mtu amepata shida ya mgonjwa, ameweka kadi, riba imepanda, naye ameona ni rahisi kwenda polisi kusema imepotea apate ya pili. Ndugu, msifanye hivyo. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na mkopeshaji akitokea na kadi ya kwanza utaingia kesi mbili badala ya deni moja. Lakini hatuwalaumu wanachama peke yao. Sheria ya mwaka 2016 inamkataza mkopeshaji kuchukua kitambulisho cha taifa au pasipoti kuwa dhamana. Kadi ya pikipiki wanazipokea mchana kweupe, mara nyingi bila hata kumpa mtu karatasi ya kuonyesha kwamba ameiacha. Tangu mwaka 2019 iko sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, na daftari lake linatunzwa na URSB. Mkopeshaji mwenye nia njema aandike dai lake huko. Anayekataa kukupa risiti ya kadi yako anajua anachokifanya.

Na waajiri nao tuna neno nao. Polisi siku moja, kiapo siku nyingine, ofisi siku ya tatu, na pengine unaambiwa mtambo umelala, urudi Jumatatu. Anayelipwa kwa kilo za chai au kwa tani za miwa hapati chochote siku hizo, na nyapara anamwandika mtoro. Haya yanatokea katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo leo hazifiki hata nauli ya kwenda na kurudi mjini. Sheria ya Ajira ya 2006 inatoa likizo ya siku saba kwa kila miezi minne, na mabwana wengine wanatuambia tutumie hizo. Likizo ni ya kupumzika. Tunataka mapatano ya pamoja yajayo yataje siku mbili kwa mwaka, zenye malipo, kwa ajili ya hati na karatasi za serikali: kadi, kitambulisho, cheti cha mtoto. Kampuni inayotuma gari mjini kila siku kupeleka barua zake haishindwi kumbebea mfanyakazi fomu yake.

Matawi hayana haja ya kungoja mapatano hayo. Katika mkutano wa mwezi ujao kila mwenye pikipiki aje na kadi yake na nakala mbili. Nakala moja ibaki kwa katibu, katika daftari lenye namba ya chesisi na ya injini. Ya pili akae nayo nyumbani, mbali na kadi yenyewe. Wenye kadi za majina ya watu wengine waje mapema, kabla ya saa nane, ili kamati iandike orodha yao na kuona nani muuzaji wake bado anapatikana.