Damu Kupita Si Mtoto Kutembea

Enyi wazazi wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, mtazameni mtoto wa kiume anapoinuka mkekani. Akishika chini kwa mikono, akainua makalio, kisha akajipanda kwa viganja, magoti kwanza, mapaja baadaye, mpaka asimame, msimwite mvivu. Wala mashavu ya miguu yaliyonenepa yasiwadanganye. Huenda ni ugonjwa wa Duchenne, wa kudhoofika misuli, unaompata mvulana mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000. Hakutumiwa jini wala hakupigwa jicho. Ni kasoro ya jeni: pengine imepitia kwa mama, pengine imezuka kwa mtoto mwenyewe. Mume asimfukuze mke kwa hilo.

Sasa, dawa ya kutanua mishipa ya damu, iliyodhaniwa ingesaidia ugonjwa huu. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Misuli ya mtoto huyu imekosa protini iitwayo distrofini, na kwa kuikosa, mishipa ya damu haitanuki ipasavyo anapojitahidi. Misuli inafanya kazi na njaa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha habari ya wavulana 10 waliopewa tadalafil na sildenafil, ndivyo vidonge wanavyonong'onezana wanaume dirishani pa duka la dawa, na damu ikapita vizuri. Nani asingefurahi?

Ikabidi wapimwe wengi. Wavulana 331, wa miaka 7 hadi 14, wakagawanywa: wengine tadalafil, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 48. Kipimo kilikuwa umbali wa kutembea kwa dakika sita. Jibu lilitoka 2017: dawa haikupunguza kasi ya kudhoofika. Sildenafil nayo, ilipojaribiwa kwa mioyo ya wagonjwa waliokwisha kuwa watu wazima, jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuhofia madhara. Mimi nawaheshimu wasomi hao kwa kukiri hadharani. Wauza dawa wetu wa mitaani hawajui adabu hiyo.

Basi msiuze mbuzi kununua kidonge hicho. Kilichothibitika kuchelewesha siku ya mtoto kushindwa kutembea ni dawa za jamii ya prednisolone, nazo huongeza uzito na kudhoofisha mifupa, kwa hiyo zitolewe na daktari, si na jirani. Ombeni kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya cha misuli, na barua ya rufaa. Hospitali ya rufaa iko Garissa, mwendo wa kilomita 100 hivi, na mkimbizi hatoki bila kibali. Nanyi mnaotoa vibali, mtoto huyu msimweke foleni: mpitisheni angali anatembea.