Tamko la Makatekista wa Terrat Kuhusu Nyasi za Amani Katika Misa

Sisi makatekista wa vigango vya Terrat, Arusha, baada ya kikao chetu kuhusu utamadunisho wa sakramenti, tunatoa tamko hili kwa mapadre wetu, waamini na wazee wa mila.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa nafasi ya mila katika liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Mwaka 1966 Padre Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu alianza kuhubiri kwenye maboma ya Loliondo, bila shule wala zahanati ya kuvutia watu. Huko nyasi mbichi, ishara ya amani kwa Wamaasai, zilipitishwa mkono kwa mkono boma zima siku ya Misa. Mtu au kundi likizikataa, wazee waliweza kuamua kwamba siku hiyo hakuna Ekaristi.

Leo nyasi hizo zimekuwa pambo. Tunaziona kwenye jubilei, pamoja na shanga na lubega, huku ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba wakipanga foleni moja ya komunyo bila kusalimiana. Hayo ni maonyesho tu.

Tunaomba nyasi zianzie nyumbani, kabla ya Jumapili, na anayezikataa afuatwe na wazee wa jumuiya yake. Wakongo, katika Misa yao iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, hutakiana amani mara baada ya toba, kabla ya vipaji kupelekwa altareni. Utaratibu huo unatufaa. Ruhusa, hata hivyo, ni ya Askofu, wala hatutamtangulia.

Kuhusu wazee kutema mate ya baraka wakati wa ubatizo hatukuafikiana.

Mila nayo ikubali kukosolewa. Kwa mila, morani hali nyama mbele ya wanawake. Lakini mbele ya altare mume na mke wanashiriki mkate mmoja, na hapo haturudi nyuma. Mkate na divai havitabadilishwa kwa maziwa wala asali. Na asije mtu kutuombea baraka ya ukeketaji, au ya kumwoza binti aliye shuleni, kwa kisingizio cha utamadunisho.

Wenye mashauri ya mipaka, malisho au mahari tunawaomba wayafikishe kwa katekista wa kigango chao kabla ya Kwaresima.