Jembe la Bibi Halikuandikwa Kwenye Kipande



Kila tukutanapo kwenye mkutano wa tawi, wazee hupenda kusimulia habari za kijijini kwao. Vijana hucheka, wakasema hayo yamepitwa na wakati. Mimi nasema hayajapitwa hata kidogo. Habari za kijijini ni habari za mshahara, na leo nataka kueleza kwa nini.

Nilizaliwa kambini, katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Baba alikuwa Muha wa Kasulu. Aliondoka kwao mwanzoni mwa miaka ya hamsini, siku ambazo ofisi ya kuandikisha vibarua ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoitwa SILABU na kuanzishwa mwaka 1944, ilikuwa ikitafuta watu hadi vijijini. Wakoloni hawakuhimiza mazao ya biashara kule Buha, lakini kodi waliidai kwa fedha. Mtu asiye na kahawa wala pamba ya kuuza ataitoa wapi fedha? Atauza nguvu za mikono yake. Baba akapewa blanketi na namba, akapanda garimoshi la Kigoma. Kwa sababu ya namba hizo watu waliwaita manamba, na jina hilo lilikuwa tusi. Kambini aliwakuta Warundi waliovuka mpaka kwa shida hiyo hiyo. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, basi wakaelewana tangu siku ya kwanza.

Kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa, nyapara hakuitia alama, na siku isiyo na alama haikuwa na malipo. Siku thelathini za kipande ziliweza kula mwezi na nusu wa kalenda. Hayo wengi wetu tumeyasikia. Lakini liko jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye kipande chochote, nami sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mwaka 1978 nilisafiri kwenda Kasulu kwa mara ya kwanza. Wazee walinisalimu kwa heshima ya Kiha, wakiinama na kupiga makofi taratibu. Mimi, mtoto wa kambi, nikanyosha mkono wa kushikana kama watu wa mjini. Wakacheka sana, nami nikaona haya. Ukoo wetu ulikuwa umekwisha hamishiwa kando ya barabara wakati wa Operesheni Kigoma iliyoanza mwaka 1972. Siku ya pili baba mdogo akanichukua hadi kwenye mji wetu wa zamani. Nyumba haikuwapo. Palibaki kichaka cha migomba, jiwe la kusagia na kaburi la bibi.

Baba mdogo akaketi juu ya lile jiwe, akaniambia: "Mwanangu, baba yako alikata mkonge wa mzungu. Mama yako na kaka zako wawili walibaki hapa miaka minane, wakila maharage na muhogo wa bibi yako. Baba yako alipougua akarudishwa kwetu, akala uji hapa mpaka akapona, akarudi tena kukata mkonge. Kazi ya kumtunza mtu wa mzungu tuliifanya sisi, wala hatukuandikwa popote."

Ndugu zangu, maneno hayo sijayasahau. Mwenye shamba alimlipa baba kama kapera asiye na mtu nyuma yake. Chakula cha mke, malezi ya watoto, matibabu ya mgonjwa na uzee wa mchovu, vyote aliviachia jembe la bibi. Mambo hayakuwa Tanga peke yake. Jirani zetu wa Kenya walilipwa kwa kipimo hicho hicho. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni ya Kenya, chini ya Carpenter, ilikiri kwamba mshahara wa chini ulikuwa wa mtu mmoja asiye na familia, ikashauri uinuliwe hatua kwa hatua mpaka utoshe kulisha jamaa. Vyama vya wafanyakazi vikalishika dai hilo, na havikukosea.

Sasa tujiulize, je, ule mchezo umekwisha? Mtazame mlinzi wa usiku, mtumishi wa nyumbani, kibarua anayeajiriwa asubuhi na kuachishwa jioni. Mtazame hata mwenye ajira ya kudumu ambaye mwajiri amekata mchango wake wa uzeeni bila kuufikisha kwenye mfuko. Wote hao siku ya kuugua au kuchoka huambiwa neno moja: "Rudi kwenu." Anayesema hivyo anajua kwamba huko kwenu yuko mama mwenye jembe. Anahesabu jembe hilo kama mali yake.

Wako wanaosema kijiji ndicho kinga yetu, tusilalamike. Kweli, mwacha asili ni mtumwa, na mimi naipenda Kasulu. Lakini kupenda kwetu hakumpi tajiri ruhusa ya kukifanya kijiji mfuko wake wa pensheni. Isitoshe, shamba lililolisha watu kumi enzi za bibi, leo limegawanywa kwa wajukuu na vitukuu. Mama anayepokea mgonjwa kutoka mjini huenda naye hana cha kula.

Kwa hiyo natoa rai. Tukiketi kujadiliana na waajiri, tusihesabu nauli na kodi ya chumba cha mfanyakazi tu, tuwahesabu na wale anaowalisha na wanaomlisha. Kila mwanachama aulize michango yake imefika wapi, tena aulize sasa, asingoje siku ya kustaafu. Na wewe kijana unayecheka habari za kijijini, ukienda likizo keti na wazee, waulize nani alikula nini wakati baba yupo kazini. Waandike majina yao.

Bibi yangu hakuwahi kuuona mkonge. Lakini kila bunda alilokata baba, mkono wa bibi ulikuwemo.