"Kama Huna Mjomba, Sahau": Maneno ya Kitaa Kuhusu Kazi Zisizotangazwa

Mahafali yakiisha na joho likirudishwa, mhitimu hubaki na cheti pamoja na ushauri mwingi wa bure kuhusu kazi ambazo hazitangazwi. Ushauri huo unazunguka vijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp na hata kwenye semina za vyuo, na sehemu yake kubwa inampotezea kijana muda. Tuupitie dai kwa dai.

"Asilimia 80 ya kazi hazitangazwi kabisa." Muulize anayesema hivyo nani alizihesabu. Kazi ambayo haikutangazwa haiachi tangazo la kuhesabika, ndiyo maana tarakimu hii hurithishwa kutoka semina hadi semina bila mwenyewe kujulikana. Tena inachanganya waajiri wasiofanana. Hapa Tanzania ajira za serikali na taasisi zake kwa kawaida hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na nafasi hutangazwa kwenye Ajira Portal. Anayetaka uhasibu wa halmashauri akaacha kufungua portal kwa sababu amesikia kwamba kazi zote ni za chini kwa chini, amejinyima mwenyewe. Hata huko serikalini kuna nafasi zinazojazwa bila tangazo jipya, na utaratibu wake uko wazi: waliofaulu usaili wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na baadhi yao huitwa nafasi za kada ileile zinapopatikana. Kwa hiyo usaili uliodhani umeufanya bure huenda bado unakufanyia kazi.

Nafasi zisizotangazwa ziko zaidi kwingine: kampuni ya ujenzi yenye watu kumi na wawili, zahanati binafsi, wakala wa forodha Kurasini, muuza pembejeo Makambako, asasi ndogo iliyopata ufadhili wa mradi mmoja.

"Kama huna mjomba, sahau." Dai hili lina wafuasi wengi, na halikuanguka kutoka mawinguni. Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilikuwa na nafasi 1,596 na waombaji wakapita 135,000. Ukikosa katika umati kama huo, ni rahisi kuamini kwamba waliopata walishikwa mkono. Upendeleo upo, sina haja ya kuutetea.

Lakini zitazame namba hizo kwa macho ya mwajiri mdogo. Anamtaka mtunza stoo mmoja, na anajua kwamba akibandika tangazo leo, kesho simu haitapumzika na meza itajaa bahasha za kaki. Hana afisa utumishi wa kuzichambua. Basi anamgeukia mhasibu wake: "Huna kijana unayemfahamu, mwaminifu, anayeijua Excel?" Kazi imekwisha kutangazwa, kwa mtu mmoja. Mengi ya yale tunayoyaita siri ni mtu kukwepa usumbufu tu. Linalobaki ni kama mhasibu yule amewahi kulisikia jina lako, na si lazima awe shangazi yako.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwachunguza watu wa Newton, Massachusetts, na kuchapisha matokeo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, takriban asilimia 17 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 56 walionana naye mara mojamoja, na 28 kwa nadra. Sababu yake haina maajabu: ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, wakati aliye mbali kidogo anapita mahali usipopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, uliliunga mkono jambo hilo kwa masharti. Waliosaidia zaidi hawakuwa wageni kabisa, walikuwa watu wa katikati; na katika sekta zisizotegemea sana mambo ya kidijitali, watu wa karibu ndio waliofaa zaidi. Kwa nchi yenye karakana, maduka na mashamba kama yetu, sharti hilo la pili si dogo. Mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana uzito wake.

Ila mhitimu asiye na mjomba hakosi watu. Yupo msimamizi wake wa field. Yupo aliyemtangulia mwaka mmoja darasani na sasa yuko kazini, ambaye bado anakumbuka njaa ya kitaa. Yupo dereva wa mradi alikokusanyia data. Yupo afisa mauzo anayezunguka ofisi za watu kutwa nzima. Huyu hudharauliwa mno, na kumbe anayeuza wino wa printa huona ofisi ipi imeongeza meza kabla hujaona tangazo lolote.

Namna ya kuwaendea ndiyo inayowashinda wengi. Ujumbe wa "Shikamoo mzee, naomba kazi" unamfunga anayeupokea: hana kazi ya kukupa, basi anakaa kimya. Mwingine anaandika: "Shikamoo mzee. Ni yule kijana wa field niliyekuwa stoo mwaka juzi, niliyekusaidia kupanga upya kadi za bidhaa. Nimemaliza chuo. Nasikia mnafungua ghala Dodoma. Je, ni nani anayesimamia maandalizi kule, nimtafute?" Huyu ameomba jina, na jina halimgharimu mzee chochote. Amemkumbusha pia kazi aliyoifanya, ili mzee akiulizwa "unamjuaje?" awe na la kusema.

"Sambaza CV ofisi zote, moja itajibu." Itajibu droo ya mapokezi. Bahasha isiyomhusu mtu yeyote hukaa humo mpaka wanapohitaji karatasi za kuandikia upande wa pili. Faida iko katika kujua nani anaanza kazi gani, na habari hizo nyingi hazijafichwa. Mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya TANePS, unaonyesha zabuni zilizokwisha kupata washindi. Kampuni iliyoshinda leo kujenga barabara ya wilaya au jengo la hospitali itahitaji watu kabla haijafika saiti: mpima, mtunza stoo, msaidizi wa mhandisi, mtu wa usalama na afya, mtu wa kuandika hesabu. Barua inayofika wiki hiyo ikitaja mradi wenyewe, wilaya yenyewe na kazi unayoweza kuifanya pale ina nafasi nzuri ya kufunguliwa na mhusika. Wanaohitimu uhandisi wana njia nyingine inayosahaulika, mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza mwaka 2003. Mhitimu huwekwa chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu, na hapo husikia habari za kazi zijazo bila kuzitafuta.

"Jitolee bila malipo, watakuajiri tu." Wengine huajiriwa. Wengine huwa mikono ya bure ya ofisi ambayo haina bajeti wala nia ya kuajiri, huku nauli ya daladala na chakula cha mchana vikitoka kwa mama aliyeko kijijini. Kabla ya kukubali, waulize waliojitolea kabla yako wako wapi sasa. Panga pia tarehe ya kumaliza na aina ya kazi utakayofanya. Kutoa fotokopi miezi sita hakuongezi neno kwenye CV.

"Mchongo lazima ulipiwe." Hapana. Kanuni za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa ajira zinakataza wakala kumtoza anayetafuta kazi. Anayeomba elfu ishirini ya fomu, au ya vipimo vya afya kwa namba ya simu, anatafuta elfu ishirini.

"Kazi ya kuunganishwa haina mkataba, shukuru tu umepata." Hapa ndipo vijana wengi huumia, kwa sababu wanaona aibu kudai karatasi kwa mtu waliyefikishwa kwake kwa hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiulizi ulifikaje. Inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, mahali pake, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Omba siku ya kwanza, kwa adabu: "Bosi, naomba barua yangu niiweke kwenye faili." Ikipita wiki ya pili bila barua, mrudie aliyekuunganisha umuulize kama yeye alipata ya kwake.