Acheni Ukurasa wa Mafia Useme

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia, Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari mfululizo, na kazi hiyo ilifanywa vizuri. Kinachonisumbua ni safari ya tahadhari yenyewe baada ya kutoka ofisini. Kwetu taarifa ya aina hii husafiri kama karatasi iliyopigwa picha, yenye nembo juu na herufi ndogo chini, ikirushwa kundi hadi kundi. Nyuma yake hufuata sauti ya mtu asiyejitaja jina, akieleza alivyoelewa yeye. Mvuvi wa kisiwa cha Jibondo anayesubiri kujua kama atoke au asitoke anabaki na picha isiyosomeka juani na sauti isiyo na mwenyewe.

Ninachodai ni kidogo. Taarifa isomwe kwa Kiswahili na mtu wa ofisi husika, sauti iwekwe ndani ya ukurasa wa tovuti, na msikilizaji abonyeze hapo hapo isikike. Kanuni za Hifadhi ya Bahari, matangazo ya chanjo, safari za boti ya Nyamisati na masimulizi ya wazee wa kijiji cha Bweni, vyote viwekwe hivyo. Teknolojia ipo na haina malipo. Kila ninapolitaja jambo hili napewa sababu za kutolifanya, na nyingi ni zile zile. Nazijibu hapa.

Husemwa kwanza kwamba sauti inataka programu yake, kwa hiyo tutengeneze kwanza "app ya Mafia". Hofu hii ilikuwa na haki zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliyetaka kusikiliza redio kwenye kompyuta alitakiwa apakue RealPlayer, tovuti nyingine ikadai QuickTime, ya tatu ikataka Flash, na kompyuta ya ofisini haikukuruhusu kuweka chochote kati ya hivyo. Mambo yakageuka hatua kwa hatua. Kivinjari cha Firefox, toleo la 3.5, kilitoka Juni 2009 kikiwa na uwezo wa kucheza sauti na video chenyewe, Internet Explorer ikafuata na toleo la 9 mwaka 2011, na Oktoba 2014 shirika la W3C likapitisha HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kuwa kanuni rasmi. Flash ilizikwa mwisho wa mwaka 2020. Leo mtengeneza ukurasa anaandika tagi moja iitwayo audio, anataja faili lilipo, anaongeza neno controls, kazi imekwisha. Kitufe cha kuanzishia, mstari wa muda na mahali pa kupunguzia sauti, vyote hivyo vinaletwa na kivinjari kilichomo tayari kwenye simu.

App, kwa upande wake, inaomba nafasi kwenye simu iliyokwisha kujaa, inaomba masasisho kila mara, na inamtaka mtu aijue kabla ya kuihitaji. Mgeni aliyeshuka bandari ya Kilindoni asubuhi hawezi kuwa nayo. Anwani ya ukurasa inabandikwa gatini kwenye kibao, naye anaifungua akiwa amesimama.

Hoja ya bando ndiyo nzito kuliko zote, na anayeitoa namheshimu, kwa sababu kwa familia nyingi MB hununuliwa kwa kubana matumizi. Lakini tupige hesabu badala ya kuogopa jina la kitu. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde, kiwango kinachozoeleka kwa muziki, linakula karibu MB moja kwa dakika. Maneno ya mtu mmoja hayahitaji kiwango hicho. MP3 ya chaneli moja kwa kilobiti 48 inakula KB 360 kwa dakika na inasikika wazi. Mfumo wa Opus, uliopitishwa kuwa kanuni Septemba 2012, unatoa usemi safi kwa kilobiti 24, yaani KB 180 kwa dakika. Utabiri wa dakika tatu kwa Opus ni kama KB 540. Video ya ubora wa chini, ya kilobiti 500 tu kwa sekunde, ingekula zaidi ya MB 11 kwa dakika hizo hizo tatu, na mtazamaji angekuwa anaangalia uso wa msomaji. Hata ile picha ya karatasi, ikitumwa kama ilivyotoka kwenye kamera ya simu, mara nyingi ni nzito kuliko sauti ya utabiri wote.

Zaidi ya hapo, tagi hiyo ina sifa ya preload. Ukiipa thamani none, unakiomba kivinjari kisivute faili mpaka msikilizaji abonyeze, kwa hiyo aliyefungua ukurasa ili asome tu hatozwi sauti. Na seva ya kawaida, Apache au Nginx, inakubali kuombwa kipande cha faili: mtu akirukia dakika ya saba ya hadithi ndefu, kivinjari kinaomba sauti kuanzia hapo. Bando linaliwa na uzembe wa mtengenezaji, anayepandisha faili la MB 40 kama lilivyotoka kwenye kinasa bila kulipunguza, na hapo lawama ni yake.

Kuna wanaosema: tuna WhatsApp, ya nini kingine? Hawa wamekwisha kukubali nusu ya hoja yangu bila kujua, kwa sababu ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao umefungwa kwa Opus. Masikio ya kisiwa kizima yameshazoea teknolojia ninayoizungumzia. Tatizo la WhatsApp lipo kwenye asili na muda. Sauti ikisharushwa mara tatu haina tena mwenyewe. Nani ameisema? Mtabiri, nahodha, au kijana aliyesikia kwa jirani? Onyo la Jumanne linaendelea kuzunguka Ijumaa na kuwazuia watu gatini bahari ikiwa shwari. Hali ikigeuka, ruhusa ya Jumanne inamtoa mtu baharini Ijumaa upepo ukiwa umechafuka. Ukurasa una anwani moja, na anayeusimamia anaondoa sauti ya jana na kuweka ya leo. Aliyepewa anwani ile wiki iliyopita na anayepewa sasa hivi, wakiifungua leo, wanakuta neno lile lile la leo. Kisha anwani hiyo irushwe WhatsApp kwa nguvu zote! Kinachozunguka kiwe njia ya kufika kwenye sauti, na sauti yenyewe ikae mahali panapojulikana.

Wanaosema tuweke YouTube nawajibu kwa ufupi. YouTube inafaa kwa video ya papa potwe wanaokuja karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Kwa tangazo la zahanati, unamlazimisha mama alipie picha asiyoihitaji, na mara nyingi aanze kwa tangazo la biashara.

"Simu za watu wetu hazitaweza." Hapa kuna ukweli, na sitaupunguza. Kitochi kisicho na intaneti hakitacheza chochote cha mtandaoni. Kwa mwenye nacho redio inabaki kuwa redio, na simu ya kupigiwa inabaki kuwa njia ya uhakika. Lakini zipo simu za katikati ambazo watu huzisahau. Smart Kitochi ambayo Vodacom Tanzania iliitoa mwaka 2019 inatumia mfumo wa KaiOS, ambao kivinjari chake kinatoka katika ukoo wa Firefox, nacho kinacheza sauti ndani ya ukurasa. Anayehitaji uangalifu ni mtumiaji wa kivinjari cha Opera Mini katika hali yake ya kubana sana, kwa sababu kurasa hupikwa kwenye seva za Opera na kufika kwenye simu zikiwa zimekaushwa, kwa hiyo kitufe cha sauti huenda kisifanye kazi. Dawa yake ni mstari mmoja chini ya kitufe: kiungo cha wazi kinachosema "Pakua sauti hii", pamoja na ukubwa wake kwa KB. Simu itapakua faili na kulicheza kama inavyocheza wimbo wa kwenye memori kadi.

Iko hoja ndogo inayofanana na hiyo, kwamba vivinjari havikubaliani kuhusu aina ya faili. Ni kweli kwamba Safari ya Apple ilichelewa sana kuikubali Opus iliyofungwa katika faili la aina ya Ogg. Lakini tagi ya audio inaruhusu kutaja mafaili mawili: Opus kwanza, MP3 baadaye, na kivinjari kinachukua la kwanza kinaloliweza. MP3 inachezwa na vivinjari vyote vinavyotumika sana, na hofu ya kudaiwa ada za hataza zake imekwisha: wenye nayo walifunga mpango wa leseni Aprili 2017.

Nimeulizwa pia itakuwaje ukurasa ukianza kupiga kelele mtu akiwa msikitini. Hautaanza. Safari ilianza kuzuia sauti zinazojianzisha kwenye kompyuta mwaka 2017, Chrome ikafuata Aprili 2018, Firefox Machi 2019. Bila kidole cha mtumiaji, sauti inabaki kimya, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hoja inayoniuma ni ile ya kwamba maandishi yanatosha, kwa kuwa Watanzania wamesoma. Wamesoma, naam. Lakini anayesuka ukili wa mkeka mikono yake haina nafasi ya kushika simu, na anayeshona nyavu pia. Mzee mwenye mtoto wa jicho alisoma miaka arobaini na sasa haoni. Kwa Chrome ya Android, sauti iliyoanzishwa kwenye ukurasa inaweza kuendelea hata skrini ikizimwa, kwa hiyo simu inawekwa chini na kazi inaendelea.

Kuna pia mambo ambayo karatasi haiyabebi hata msomaji awe hodari namna gani. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na akarudi mara nyingi. Mwaka 1997 alichapisha African Voices, African Lives, kitabu kilichojengwa juu ya shajara na mazungumzo ya mwanakijiji mmoja na jamaa zake. Nakithamini kitabu hicho kwa sababu kinampa mtu wa kijijini nafasi ya kujieleza, jambo ambalo vitabu vingi kuhusu pwani havikulifanya. Hata hivyo wanaotajwa katika jina lake kama sauti wamefika kwa msomaji wakiwa herufi za Kiingereza. Lafudhi ya kaskazini haimo, wala pale mtu anaposita kabla ya kutaja maradhi ya mtoto wake. Kwa mwaka 1997 hilo lilikuwa na udhuru: kufunga kaseti ndani ya kitabu halikuwa jambo rahisi. Sisi wa leo hatuna udhuru huo. Historia ya mji wa kale wa Kua katika kisiwa cha Juani na ya magofu ya kisiwa cha Chole inaweza kusimuliwa na wenyeji kwa midomo yao, na mwanafunzi wa Kirongwe na mjukuu aliye Muscat wakaisikia kutoka ukurasa mmoja.

Nakubali upande mmoja wa hoja ya maandishi bila kusita: maandishi lazima yaandamane na sauti. Kiziwi ana haki ya utabiri kama mwingine yeyote, na mitambo ya utafutaji inapata maneno yaliyoandikwa kwa urahisi kuliko yaliyosemwa. Sauti juu, maandishi yake kamili chini.

Wengine huleta hoja ya leseni. Ni kweli kwamba Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018, zilizoandikwa upya mwaka 2020, zinawataka baadhi ya watoa huduma za maudhui wawe na leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Anayetaka kuendesha redio ya mtandaoni aanzie huko. Lakini halmashauri au hifadhi yenye tovuti inayotoa matangazo yake kwa maandishi haiwezi kuitumia kanuni hiyo kama kisingizio cha kutoyasoma matangazo yale yale kwa sauti.

La mwisho ni mtandao kukatika. Siku nane baada ya Hidaya, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Wapo waliolitumia tukio lile kusema kisiwa kisitegemee tovuti. Mimi naona lilionyesha mahali pa kuiweka. Ukurasa uliohifadhiwa kwenye seva iliyo Ulaya unaweza kupotea nyaya zikikatika. Uliohifadhiwa Dar es Salaam, katika seva iliyounganishwa na kituo cha TIX ambako kampuni za ndani hubadilishana mawasiliano, unaweza kufikika bila kuvuka bahari kuu. Na katika siku mbovu kama zile, faili la KB 540 lina nafasi ya kupita pale ambapo video inasimama njiani. Likishafika, linaweza kupewa jirani kwa Bluetooth.

Kilichobaki ni kurekodi, na hakihitaji studio. Simu janja yoyote inatosha, chumba chenye mapazia au magodoro ya kumeza mwangwi, feni izimwe, mdomo uwe kama shibiri moja kutoka kwenye maiki na pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Msomaji aanze kwa tarehe, saa na jina la ofisi ndani ya sauti yenyewe, kabla ya neno lolote kuhusu upepo au mawimbi. Hivyo hata mtu akilipakua faili na kulirusha kwenye makundi, wa tano kulipokea atajua ni la siku gani na nani amelisema.