Mnahesabu Trai, Hamhesabu Mipira

Tarehe 17 Aprili 2016 timu yetu ya raga ya wachezaji saba, Shujaa, iliicharaza Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, ikatwaa duru ya Raga ya Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Siku hiyo mimi nilikuwa Macalder, Nyatike, ndani ya ukumbi wa video wa mabati karibu na soko, nimelipa pesa yangu kuona Leicester wakitoka sare 2-2 na West Ham. Nilikuwa kidato cha pili, tumefunga shule. Habari za Singapore zilinifikia jioni kwenye redio ya mama. Akaniuliza, "Raga ni ile ya kushikana na kuangushana?" Nikamwambia ndiyo. "Basi hongera kwao," akasema, akaendelea kuchambua omena.

Hongera kwao. Kwao, si kwetu. Mama hakuwa na ubaya wowote, na nchi nzima ilikuwa ikisherehekea. Lakini miaka hii yote sijasikia mtu akiieleza raga ya Kenya vizuri kuliko yeye.

Kila msimu ukianza, wasee wa mitandaoni wanatoa orodha ile ile. Collins Injera, trai 279. Singapore 2016. Nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba, Dubai 2009, na tena Moscow 2013. Picha, bendera, misuli. Halafu chini inakuja sentensi inayonipandisha hasira: "Kipaji tunacho, vijana waongeze bidii tu." Nimekuja kubishana na sentensi hiyo, sio na orodha.

Orodha yenyewe naiheshimu. Injera alimaliza msimu wa 2008-09 akiongoza dunia nzima kwa trai 42. Mei 2016, London, alimpita Santiago Gómez Cora wa Argentina, aliyekuwa na trai 230, akawa mfungaji bora wa trai katika historia ya Raga ya Dunia. Mkenya, juu ya Wafiji, juu ya watu wa New Zealand. Kaka yake, Humphrey Kayange, waliyecheza naye klabu ya Mwamba ya Nairobi, aliingizwa 2021 kwenye orodha ya heshima ya magwiji wa raga duniani. Hao si watu wa kuchezewa, na mimi siwachezei.

Lakini hebu tuiangalie rekodi kama watu wazima. Trai 279 maana yake ni nini? Maana yake ni mtu mwenye kasi aliyepandishwa ndege tena na tena kwa zaidi ya miaka kumi, akapewa mpira, akatibiwa goti, akarudi, akapewa mpira tena. Rekodi ni hesabu ya nafasi kabla ya kuwa hesabu ya kipaji. Ukitaka ushahidi, angalia aliyempita. Kufikia 2017 Dan Norton wa Uingereza alikuwa ameshaichukua rekodi hiyo, na alistaafu akiwa na trai 358. Norton alikuwa na mbio, sikatai. Pia alikuwa na mkataba wa kulipwa mwaka mzima ili kazi yake iwe raga na raga pekee. Chama chao kilipokata mikataba hiyo 2020, wakati wa korona, sikusikia mtu akiwaambia Waingereza waongeze bidii. Walisema wazi kwamba pesa imekatwa na timu itaumia. Kwetu pesa ikikosekana tunaambiwa habari za moyo wa kizalendo.

Fuata basi mambo yalivyokwenda baada ya Singapore. Miezi minne baadaye, Olimpiki ya Rio, tulimaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12. Mwaka wa 2018 tulifika fainali mbili karibu mfululizo, Vancouver na Hong Kong, na zote mbili Fiji ikatufunga. Juni mwaka huo huo, kule Paris, wachezaji waliingia uwanjani wamefunika jina la mdhamini kwenye jezi zao kwa sababu ya mzozo wa malipo. Kocha wa Singapore, Benjamin Ayimba, alipolazwa mgonjwa, familia yake ililazimika kuomba Wakenya wasaidie bili ya hospitali. Alifariki Mei 2021. Miaka miwili baadaye, London, mji ule ule Injera alioweka rekodi, tulifungwa na Canada tukashushwa ngazi baada ya miaka zaidi ya ishirini. Mwaka wa 2024 tukapanda tena kupitia Madrid, na Olimpiki ya Paris tukawa wa tisa. Wachezaji wale walijitoa mwili mzima. Ila mnaona mwendo huo? Ni mwendo wa nyumba iliyojengwa ikaanzia paa.

Na msingi ulipaswa kuwa wapi? Acha niseme nilichokiona mimi.

Mpira wa raga niliugusa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 19, nilipoingia chuo kikuu. Nilikuwa na mbio. Nyatike ukiwa huna mbio utachapwa na kila mtu. Siku ya kwanza ya mazoezi niliwaacha watu wote kwenye mita mia, nikajua mambo ni mazuri. Halafu tukapewa mpira. Vijana waliotoka Maseno, Kakamega na Lenana walikuwa wameushika tangu kidato cha kwanza. Mikono yao ilikuwa inafikiria yenyewe. Mimi niliudaka kama mtu anayedaka kuku. Kocha, mzee mpole sana, aliniita pembeni. "Kijana, hiyo kasi ungeniletea ukiwa na miaka kumi na nne, tungezungumza mengine." Hakunitukana. Alikuwa anasema ukweli. Muhula uliofuata karo ilikwisha, chuo nikakiacha, na raga ikaishia hapo. Sidai kwamba ningekuwa Injera. Nadai kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwa na njia ya kujua.

Mashindano ya nyumbani ya wachezaji saba yana majina matamu: Prinsloo kule Nakuru, Driftwood Mombasa, Christie na Kabeberi, Dala kule Kisumu. Hiyo ya Kisumu ndiyo iliyo karibu na sisi, na kutoka Macalder ni matatu hadi mjini Migori, kisha nyingine hadi Kisumu, nusu siku imekwisha na nauli ya wiki nzima. Kwa mtoto wa Karungu au Mbita, Dala Sevens na Singapore Sevens ziko umbali mmoja: zote ziko ndani ya simu ya mtu mwingine.

Kuna watakaosema, "Wewe, Macalder mna shida ya maji na barabara, unalilia raga?" Nimeisikia hiyo, hata kutoka kwa baba mdogo wangu, na yeye namjibu kwa heshima. Baba, sijasema raga ije kabla ya maji. Nimesema wasitutumie. Ukinipa rekodi ya Injera kama dawa ya kukosa kazi, ukaniambia "angalia mwenzako alivyojituma," wewe ndiye uliyeileta raga mezani. Nami nakuuliza: huyo mwenzangu alijituma kwa mpira wa nani, uwanja wa nani, mwalimu gani?

Wengine watasema mambo haya hayabadiliki. Yanabadilika. Juni 1995, kwenye Kombe la Dunia la raga, New Zealand iliifunga Japani 145-17 mjini Bloemfontein. Simon Culhane alipata alama 45 peke yake, Marc Ellis akafunga trai sita, na rekodi hizo hutajwa hadi leo. Wengi wetu tukisoma rekodi tunamtazama aliyefunga. Mimi namtazama Mjapani aliyesimama nyuma ya milingoti mara ishirini na moja akisubiri mkwaju. Miaka ishirini baadaye, 2015, Brighton, Japani iliifunga Afrika Kusini 34-32, na 2019 ikafika robo fainali nyumbani kwake. Wao walikuwa na raga shuleni, raga vyuoni na timu za makampuni zenye kulipa wachezaji, na wakaendelea kuzikazia. Miaka ishirini ya kazi inayochosha, isiyopigwa picha.

Basi nina ombi moja kwa chama cha raga, kwa kaunti za Migori na Homa Bay, na kwa kila anayeandika kuhusu mchezo huu. Kila mnapotuwekea hesabu ya kwanza, ya trai, wekeni na ya pili: shule ngapi za umma katika kaunti hizi zina mpira wa raga, walimu wangapi wamefunzwa kuufundisha, tamasha ngapi za vijana zimefanyika kusini mwa Kisumu mwaka huu. Wekeni namba hizo kando ya 279 ya Injera, kwa herufi za ukubwa ule ule. Kama zinaaibisha, vizuri, ziaibishe. Japani hawakuifuta 145.

Sisi watu wa Macalder tunaijua hesabu ya upande mmoja. Mgodi mkubwa wa hapa ulichimbwa tangu enzi za mkoloni, ukafungwa 1966. Shaba na dhahabu viliyotoka vilipimwa na kuandikwa. Mashimo yaliyobaki tunayahesabu wenyewe, mtu akitumbukia.

Binamu yangu anafanya kazi kwenye shimo moja siku hizi. Ana miaka kumi na sita. Juzi tulitazama pamoja kwenye simu yangu ile fainali ya Singapore, naye akanyamaza hadi mwisho. Kisha akasema, "Omera, huyu wa pembeni simwogopi. Kwa mbio, namfikia." Nilimwangalia miguu, bado ina vumbi la mawe. Namwamini kabisa. Akaniuliza mazoezi hufanyikia wapi, na mimi, niliyesoma hadi chuo kikuu, sikuwa na mahali pa kumwelekeza.