Rezo ya njia moja ni mtego kwa raia



Rezo ikikatika tunazoea kusema: "Tungoje, itarudi." Sisi tumechoka kungoja. Waya kukatika ni jambo la kawaida. Inchi nzima kulala sababu ya waya moja, hiyo ni kosa ya wale waliopanga.

Tukumbuke. Tarehe 6 Agosti 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari, katika bonde refu lililo mbele ya mdomo wa mto Kongo. Kebo mbili zikakatika: SAT-3 na WACS, ile inayofika kwetu Muanda. Karibu mwezi ukapita mbele ya meli kumaliza kuzitengeneza. Na bonde hilo hilo lilikuwa limezikata kebo hizo hizo Januari 2020! Kebo mbili zikipita fasi moja, hesabu ni moja tu.

Dawa inajulikana tangu zamani. Mwaka 1964, injinia Paul Baran wa Marekani alionyesha kwamba rezo yenye kitovu kimoja inakufa kitovu kikipigwa. Lakini kila kituo kikishikana na vingine vitatu ao vine, vingi vinaweza kuharibika na ujumbe bado unapata pa kuzungukia. Hata motari anajua hiyo: barabara kubwa ikifungwa, anapita ndani ya kartie.

Hapa Mashariki tunajua bei yake. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika. Bila rezo, mama hajui mtoto amekimbilia wapi, na makuta iliyo kwa simu hainunue hata unga.

Tena kuna kukatika kwa amri. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, serikali ilizima intaneti karibu wiki tatu. Kama ofisi moja inaweza kuzima inchi nzima, ofisi hiyo nayo ni kitovu kimoja.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila mji mkubwa upate njia mbili zisizopita fasi moja, na ARPTC iwaonyeshe raia ramani.
2. Minara iwe na betri na sola za kuishi siku kadhaa bila umeme.
3. Vituo vya kubadilishana data, sawa KINIX ya Kinshasa, viimarishwe katika miji yote, ili ujumbe wa Goma kwenda Goma usizunguke Ulaya.
4. Sheria ikataze kuzima intaneti.

Watasema makuta hakuna. Mega tunalipa kila siku, na kodi iko ndani. Watasema mainjinia hakuna. Tuko hapa, diploma zinakula vumbi nyumbani.

Ndugu, dada: kuanzia leo andika siku na saa rezo inakatika kwa kartie yako, na saa inarudi. Kisha mwezi moja tutakusanya zote na kuzipeleka ARPTC, tukiwa wengi, kwa amani, mchana kweupe.